Mgongo kwa Mgongo na Mkwe, Kampala

Baba Moraa,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto hapo Sironga. Najua redio imekuambia askari wamechukua serikali huku. Mimi ni mzima, na mjukuu ni mzima, ana mashavu kama yako.

Juzi risasi zililia karibu, na nesi wetu Moraa alikuwa kazini. Unajua madaktari hawawezi kitu bila yeye. Nilikuwa barazani na mtoto, maana mama mkwe atakaaje chumba kimoja na mkwe? Mkwe akaniita kutoka chumbani, "Mama, ingia ndani!" Nikasema, "Siwezi, ni aibu." Akasema, "Mama, risasi haijui mkwe!"

Basi nikaingia. Nikatazama ukuta wangu, yeye akatazama wake, redio katikati. Habari za Kiingereza anauambia ukuta wake kwa Kigusii, na mimi najibu wangu. Hata ndizi tulikula tukipeana migongo. Kila gari likipita tunanyamaza, tusikie kama ni la hospitali.

Leo mchana Moraa ameingia, nguo zake nyeupe zina damu ya watu. Alipotuona alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kesho anarudi huko huko.

Usije kunifuata, barabarani askari wanasimamisha kila gari. Sikiliza redio, na uwaambie watoto dada yao ni mtu wa namna gani. Mungu akulinde, na ule vizuri. Mimi nitakuwa kwa ukuta wangu mpaka arudi.

Mama Moraa