Mgongo wa Mjukuu

Jumatatu, 3 Machi
Redio imesema serikali inaleta muswada: kila ujumbe na kila picha vikaguliwe na mashine kabla ya kutoka kwenye simu, ili wanaodhuru watoto wanaswe. Mke wangu akapiga meza — wapitishe hata kesho. Kauguza kwenye wodi ya watoto nusu ya maisha yake, najua aliyoyaona. Sikubishana. Mimi kinyozi. Kazi yangu kushika kichwa cha mtu na kuitikia.

Jumatano, 5 Machi
Binti kapiga kutoka huko kwao mbali. Mjukuu ana vipele mgongoni. Bibi mtu akataka picha, kama kawaida. Ikaja: mtoto ndani ya sweta, vifungo hadi shingoni, kanuna kama mkaguzi wa kodi. Mkwe kakataza picha za mtoto bila nguo. Eti mashine haimjui bibi, itaona mtoto uchi, basi. Muswada haujapita, binti anasema, lakini baba yake mtoto humwambii kitu.

Ijumaa, 7 Machi
Mteja wangu mwalimu anauunga mkono: asiye na la kuficha ataogopa nini? Nikamwuliza kama leo tena nimpake ile rangi nyeusi ya mvi. Akatazama mlangoni kwanza.

Jumamosi, 8 Machi
Simu ndefu. Bibi anauliza: vina maji? Vimekolea? Binti akautangaza ule mgongo kama mpira wa redioni. Mke wangu kafumba macho, anasikiliza. Nampenda akiwa hivyo.
"Vipele si vya kusikiliza," akasema baadaye.
"Si wewe uliyetaka wapitishe kesho, mama?" nikamwuliza.
"Bado nataka. Na mgongo nautaka."

Jumapili, 9 Machi
Homa. Hospitali ni mbali — waondoke sasa au wangoje kukuche? Bibi hawezi kusema bila kuona. Simu zinakatika, ujumbe tu ndio unapita. Yeye huwa haandiki. Anaamuru, mimi nadonoa kwa kidole kimoja. *Mvue mtoto nguo zote. Mlaze kifudifudi. Tuma picha sasa hivi.*
Nikausoma tena. Nikausoma kama mashine. Kidole kikabaki hewani.
"Umetuma, mzee?"
Nimetuma. Kaniegemea hapa, mwandiko unapinda. Simu iko mezani, kioo juu, kimya. Sasa hivi kaninong'oneza: binti akishajibu, ule ujumbe niufute.