Risasi Tisa za Bunduki Uliyoondoka Nayo

Yaya, kaka yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kitanda, katika chumba ambacho binti yangu Solange alinipa hapa Rwambuzi, mjini Bunia. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, na ukuta wenyewe uko karibu kiasi cha kuugusa kwa mkono. Chini ya kitanda kuna gunia la maharagwe, na ndani ya maharagwe kuna lile kopo la maziwa ya unga unalolijua. Risasi tisa bado zimo. Ijumaa lazima ziwe zimetoka katika nyumba hii, na sioni njia ya kuzitoa bila kukutoa wewe pia.

Unanijua, siwezi kusema jambo bila kulianzia mwanzo. Nivumilie kama ulivyonivumilia siku zote.

Unakumbuka jinsi bunduki ilivyofika kwetu Bogoro. Mzungu wa kahawa aliyekuwa bosi wa baba alifunga mashamba yake, akamwachia baba bunduki, karatasi zake na boksi za risasi. Baba alishukuru kama mtu aliyepewa ng'ombe wa maziwa. Hakujua, wala sisi hatukujua, kwamba ng'ombe huyo anakula majani ya aina moja tu, na majani yenyewe hayaoti kwetu.

Tuliziita neuf-trois, tisa-tatu kwa Kifaransa, kwa sababu ya namba zilizochorwa kwenye kitako cha kila risasi. Siku moja nilikueleza barazani mwa shule, chaki mkononi, kwamba unene wa kichwa chake ni milimita tisa na sehemu tatu. Ukanicheka: "Mwalimu, nyama haitauliza iko na milimita ngapi." Lakini baadaye wewe ndiye uliyeielewa kuliko mimi. Wenye calibre douze, zile bunduki za marisau, walipiga kanga na mboloko, wale paa wadogo wa msituni, tena kwa karibu, na wakimwona nyati walipanda mti. Zile kubwa za wawinda tembo zilimwangusha mpigaji kabla ya mnyama, na mnyama mdogo zilimwacha vipandevipande. Yetu ilikuwa ya katikati. Kichwa kizito, mwendo wa wastani, kinaingia ndani na kufika kinapotakiwa bila kuharibu nyama. Kwa nguruwe pori waliofukua mihogo yetu ilitosha. Kwa nyati wa kule chini, upande wa ziwa, ilitosha pia. Bega lako liliuma siku ya kwanza tu. "Hii iko na heshima," ulisema ukiifuta mafuta. "Haipige kelele ya bure."

Uzuri huo ndio uliotufunga. Nilichukua muda kulielewa jambo hili, kwa maana darasani tunafundisha kwamba kitu kinachofaa kwa kazi nyingi kitapendwa na watu wengi. Sokoni sivyo. Mwenye kutaka kanga haihitaji neuf-trois. Mwenye kutaka pembe anatafuta kubwa zaidi. Risasi za askari, ambazo zimejaa kila mahali, haziingii katika bunduki yetu. Kwa hiyo viwanda vinatengeneza chache, wasafirishaji wanabeba chache zaidi, na zinazofika Bunia ni zile ambazo mtu alizisahau ndani ya mzigo. Unamkumbuka yule mwenye duka mjini, siku tulipomwomba atuagizie boksi mbili? Alikuna kichwa, akatutazama mmoja mmoja.

"Mwalimu, miye nauzisha kitu chenye watu mingi wanataka. Hii yenu, mu Bunia muzima, inatakiwa na watu wawili. Na wote wawili mulitoka mu tumbo moja!"

Ulicheka mpaka ukashika meza. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu ya miaka ambayo risasi zilizobaki zingetutosha.

Uhaba ule ulikufanya mwindaji mwingine kabisa. Ulikuwa unatoka asubuhi na risasi mbili na kurudi jioni na risasi mbili, nguo zimejaa majani, huna hata ndege. "Nilimuona kuro," ulikuwa unasema, "lakini alisimama vibaya." Mwingine angepiga tu. Wewe ulinirudishia risasi mkononi zikiwa bado na joto la mfuko wako, nami nikazitia katika kopo.

Nazo zilirudi kwangu kwa sababu ya sheria ya baba. Sijawahi kuisikia kwa watu wengine, na wageni walipoiona walidhani hatuaminiani. Bunduki na risasi havilali nyumba moja. Bunduki kwako, kule juu kwenye mikaratusi. Risasi kwangu, karibu na shule. "Mutu akikasirika," baba alisema, "atembee kwanza." Alikuwa amepima umbali wa hasira, nadhani, akaona kwamba ile njia ya mteremko inatosha.

Na ilitosha. Siku ile ng'ombe wa watu walipokula maharagwe yako yote, ulishuka mbio, macho mekundu, ukasimama mlangoni pangu. "Leta moja. Moja tu." Nikakupa kiti. Nikachemsha chai. Nikaanza kukueleza kwa nini ng'ombe anapenda maua ya maharagwe kuliko majani yake, jambo ambalo hata sikuwa na hakika nalo. Ulinisikiliza ukihema, kisha mabega yako yakaanza kutikisika.

"Weye! Hata mutu mwenye amekasirika unamufundisha somo?"

Ukamaliza chai, ukapanda tena kilima mikono mitupu. Yule mwenye ng'ombe alikulipa kwa ndama, na ndama huyo tulimwita Somo.

Nimekuandikia hayo ili uelewe kwa nini nilifanya nilichofanya siku tulipokimbia vita. Nimelitafuta neno la kujitetea na hilo ndilo nililonalo: sheria ile ilikuwa imefaa maisha yangu yote.

Tuliachana hapa Bunia, kwenye parking ya malori ya kwenda Komanda. Ulikuwa unakwenda kwa ndugu za mkeo huko Niania, bunduki umeiviringisha ndani ya mkeka. Mimi nilikuwa nabaki kwa Solange, kopo likiwa ndani ya mfuko wa vitabu. Dereva alikuwa amekwisha kuwasha mashine.

"Mwalimu, leta zile risasi."

"Hapana, Yaya. Unajua sheria ya baba."

"Baba alisema nyumba. Hapa nyumba iko wapi?"

"Nitakuletea mwenyewe, barabara ikitulia."

Ulinitazama, halafu ukageukia watu waliokuwa juu ya lori. "Mumuone huyu! Inchi inaungua, yeye iko anashika règlement ya shule!" Watu wakacheka, nawe ukacheka nao, ukapanda. Ulinipungia kwa mkono ule usioshika mkeka. Barabara haijatulia mpaka leo. Nimeuliza kila mwaka, na kila mwaka nimejibiwa nisubiri. Bogoro siwezi kurudi kukaa, Niania siwezi kufika, na hapa mjini mwendo wangu ni wa kutoka chumbani hadi kibarazani.

Halafu ukaanza kunipigia simu. Ulikuwa umepata kazi ya kulinda depo ya wachimba dhahabu. "Niko sentinelle, mudogo yangu! Wananiita Papa Canon, baba ya bunduki. Wakristo, Waislamu, wote wananiamukia na heshima."

"Na bunduki haina kitu?"

"Sema polepole! Ni weye tu njo unajua."

Huko nako hakuna neuf-trois. Ulikuwa umeuliza kwa wafanyabiashara wote wa njiani, nao wakakuonyesha calibre douze. Kwa hiyo ulisimama mlangoni pa dhahabu ya watu na fimbo ya chuma, na uhai wako ulikuwa unategemea siri tuliyoijua watu wawili. Kila simu uliimaliza kwa swali moja: "Zile zangu ziko?" Nami: "Ziko." Nawe: "Basi, nitakuja kuzikamata."

Simu zilikatika misimu mitatu ya mvua iliyopita. Mwaka jana dereva wa lori la mbao alikuja hadi hapa kunitafuta. Alikaa, akanywa maji, akasema amesikia kwamba yule mzee wa Bogoro alikufa kwa homa.

"Ulisikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Uliliona kaburi?"

"Papa, miye niko dereva. Ninaonaka barabara."

Solange alitaka tuweke matanga. Nilikataa. Nilimweleza kwamba habari bila shahidi si habari, kwamba hatulii mtu kwa maneno ya dereva wa mbao. Aliniacha niseme yote, kisha akaenda kulia peke yake jikoni.

Sasa mkuu wa kartie, mtaa wetu huu, amepita nyumba kwa nyumba. Mwenye silaha au risasi azipeleke ofisini kabla ya Ijumaa, na karatasi yenye saini ya kueleza zilikotoka. Baada ya hapo utafanywa msako. Solange alilitoa kopo ndani ya maharagwe, akaliweka mbele yangu.

"Papa, wakikuta hii humu, hawatauliza milimita. Watamukamata bwana yangu."

Ana haki. Mumewe ni kijana, amezaliwa mahali ambapo siku hizi panatosha kumshtaki mtu. "Tupa mu choo," akaniambia. Nilikwenda chooni na kopo, Yaya. Nilisimama pale mpaka jirani akauliza kama ninaumwa. Nikarudi nalo. Sikuweza kuzitupa, kwa sababu ulisema utakuja kuzichukua, na mtu aliyeacha vitu vyake kwa nduguye bado yuko safarini.

Jumatatu nilikwenda ofisini kuuliza tu, mikono mitupu. Karani alinipokea vizuri.

"Risasi bila bunduki? Bunduki iko wapi, muzee?"

"Iko na mwenyewe."

"Na mwenyewe iko wapi?"

Nikajua kwamba nimekwama. Nikisema Niania, wataandika Niania, na watu wenye sare watamfuata Papa Canon mbele ya wale wale wanaomheshimu, na siku hiyo kila mtu atajua kwamba bunduki ni tupu. Nikisema sijui, watamuuliza mwanamume wa nyumba. Karani akanihurumia. "Kama mwenyewe alikufa, ni rahisi. Muandike alikufa, dossier inafungwa."

Solange ameniandikia karatasi hiyo kwa Kifaransa kizuri: bunduki ya kuwinda, mali ya kaka yangu mkubwa, aliyefariki Niania. Nimekaa nayo magotini siku mbili. Nimesahihisha koma. Neno lile moja sikuweza kulisahihisha wala kulipitisha.

Najua homa haizuiliwi kwa risasi, na labda risasi tisa zisingebadilisha kitu. Lakini kuna jambo moja ninalolijua kwa hakika: uliniomba mbele ya watu, nikakunyima, na nikakuacha uende umebeba chuma kisicho na kazi. Baba alitunga sheria kwa ajili ya watu wawili wanaokaa kilima kimoja. Mimi nilikuwa mwalimu, nilipaswa kujua mahali sheria inapoishia.

Leo asubuhi nimetia saini. Nimewaza hivi: hakuna ofisi inayomtafuta marehemu. Kama uko hai, karatasi hii itakukinga mahali ambapo mimi sikukukinga. Hakuna atakayekuja kuikagua bunduki ya mtu aliyekwisha kuandikwa kuwa amekufa. Na kama umekufa kweli, basi mimi ndiye wa mwisho kukubali, na nisamehe kwa kukuchelewesha. Kesho nitalipeleka kopo mwenyewe. Nimewaambia Solange na mumewe wasinisindikize.

Jumapili Solange ataomba viti vya kanisa na kuvipanga uani kwa matanga. Nimemruhusu, maana hawezi kusoma karatasi ile na kuendelea kupika kama kawaida. Watu watakuja, watanipa mkono, watasema pole, nami nitaitika.

Ukifika ukawakuta wamekaa hivyo, usiwaulize nani amekufa. Pita katikati yao, uketi karibu nami. Tutawaeleza polepole.

Mdogo wako.