Umepona

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za upendo, wewe, shemeji na wapwa zangu wote. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kile kikohozi cha kitinda mimba wenu kimeshakwisha. Mimi afya ninayo. Ningependa kuandika kwamba na Mama hajambo, kama nilivyokwambia kila ulipopiga simu, lakini sina tena uso wa kusema hivyo. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu, nikisikia sauti yako tu, ulimi wangu unateleza kwenda kwenye uongo.

Usishtuke nikikwambia kwamba hapa kanisani wote wanajua Mama yuko kwako, amekuja kukutembelea. Wengine wameniagiza nikuhimize usimchoshe kwa kazi za jikoni. Kumbe Mama yuko hospitali ya mkoa, wodi ya upasuaji, kitanda cha karibu na dirisha. Mguu wake wa kushoto umeoza vidole. Daktari anasema ukatwe chini ya goti mara tu sukari itakaposhuka, ama sumu itapanda na tutampoteza.

Najua unavyoniuliza hapo ulipo: ilikuwaje, na sindano zake za sukari alikuwa anachoma?

Dada, wewe unafundisha sarufi, utanielewa upesi kuliko wengine. Kwenye chuo cha uchungaji tulikuwa na mwalimu wa huduma kwa wagonjwa aliyetupigia kelele mpaka tukamchoka. Alisema mgonjwa mnamwombea apone, hammtangazii kwamba amepona. Tulikuwa tunamwiga bwenini, tunacheka hadi machozi yanatutoka. Katika somo lake niliongoza darasa zima. Basi ukaja ule mkesha wangu wa kwanza wa kuombea wagonjwa, katika hili ghala la zamani la magodoro tunaloliita kanisa. Ng'ambo ya barabara kuna mhubiri mwenye vipaza sauti vikubwa, na nusu ya waumini wangu walikuwa wameshahamia kwake. Mama akaja mbele kama wengine. Nilihisi ukumbi mzima unanitazama, unanipima. Nikamwekea mikono kichwani nikasema kwa sauti yote niliyonayo, “Mama, umepona.”

Sikusema Bwana akuponye, wala utapona. Watu walilipuka kwa shangwe, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumapili iliyofuata Mama alipanda madhabahuni kutoa ushuhuda. Alikuja na chupa zake za dawa na sindano kwenye mfuko, akawakabidhi akina mama wa kanisa wakazitupe. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kuweza kumshika mkono. Nilipiga makofi. Tangu hapo viti vilijaa, na Mama akawa anavaa soksi hata kwenye jua kali, nami sikuuliza. Nilijiambia wazee husikia baridi.

Alipoanguka bafuni ndipo nilipozivua soksi zile. Harufu ilinieleza yote. Nilimpeleka hospitali hiyo ya mbali kwa sababu alikataa katakata zahanati yetu, maana muuguzi wa pale ni mwanakwaya wetu. Njiani nilikuwa namlaumu moyoni kwa imani yake ya kupitiliza. Mchungaji wa hospitali ni mwenzangu niliyelala naye chumba kimoja chuoni. Nilimweleza kila kitu kwenye benchi la nje ya wodi, nikitegemea anikaripie. Akasema hata yeye alishawahi kulitamka neno lile kwa mgonjwa mmoja, na mgonjwa hakuamka. Tulikaa pale kama watoto waliovunja chungu.

Lingeishia kwa Mama peke yake, labda ningenyamaza. Lakini kuna mshonaji, jirani yetu, ana presha. Baada ya ushuhuda wa Mama naye aliacha vidonge. Siku hizi kichwa kinamgonga, na haoni tundu la sindano mpaka aitiwe mtu wa kumtungia uzi. Nilimwendea nikamsihi arudie dawa. Alicheka, akaniambia namjaribu imani: mbona Mama yangu hamezi kitu na anadunda? Nikatoka pale nimefunga mdomo, kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi Mama kwamba sitamwambia mtu.

Dada, lililo zito zaidi ni hili. Juzi nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamwomba Mama radhi kwa kumfanya aamini amepona. Alinitazama kama alivyokuwa akitutazama tulipomletea visingizio vya shule. Kisha akasema, “Nilijua sijapona, mwanangu, tangu usiku uleule. Lakini watu walikuwa wanakutazama.”

Hakuamini hata kidogo. Alizitupa dawa zake ili mimi nisiaibike. Na mpaka sasa anakubali kukatwa mguu kwa sharti moja tu, kwamba kanisa lisijue kamwe. Likijua, anasema, atajitoa kitandani na kurudi nyumbani na mguu wake, kwa sababu atakuwa ameuozesha bure. Nilimwahidi. Ningemwahidi chochote.

Kesho katika ibada nitaivunja ahadi hiyo. Nitasema Mama yuko wapi, na nitasema neno lile lilikuwa langu mimi, Mungu hakunituma. Mshonaji huwa anakaa safu ya pili. Kabla ya saa sita habari zitakuwa zimefika wodini, namjua kila mwenye simu katika kanisa hili. Mimi sitaweza kuwahi, na hata nikiwahi hatanisikiliza.

Barua hii nampa dereva wa basi la mchana, akukabidhi mwenyewe leo jioni. Nakusihi upande basi la kwanza kesho. Ukimkuta Mama hajasikia, mshike mkono. Ukimkuta ameshasikia, mshike vilevile, mwache anilaani mpaka achoke, aseme hana tena mtoto wa kiume. Ukubali kila neno. Ila usiuachie mkono wake mpaka daktari aje.

Nisalimie shemeji, na wabusu watoto kwa niaba ya mjomba wao. Mniombee, kwa maneno yoyote mtakayoona yanafaa.

Ni mimi mdogo wako,
mtoto wa Mama.