Kliniki Ilikuwa Mlango wa Pili

Otis rafiki yangu, tumekosea mlango!

Mjukuu wangu Renita anataka kutoa mimba. Hapa jimbo la Georgia, ikipita kama wiki sita, sheria inakataa. Kesho zinapita.

Mama mwenye koti jeupe akatupokea, akatuombea, akatuwekea video ya kupinga kutoa mimba. Saa mbili nzima! Mimi mzee akanipa soksi za mtoto. Soksi, Otis!

Nikauliza, "Daktari anakuja lini?"

"Hatuna daktari, babu. Mimi nauza nyumba, hapa najitolea tu."

Anauza nyumba!

"Na kliniki?"

"Mlango wa pili. Ila wameshafunga."

Akatabasamu!

Renita akanigeukia. "Babu, umezurura majimbo yote. Wapi wanaruhusu?"

"Virginia. Mwendo wa saa saba."

"Basi washa gari."