Mboji Ambayo Hatukuipindua

Mama yangu,

Nyasi za kaburi lako zimeungua, na aliyeziunguza ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda maneno ya kuzungushazungusha.

Unakumbuka likizo ile uliponipeleka Milimani, kwenye boma ulilotunzia watu bustani? Nyuma ya nyumba palikuwa na lundo lako: majani makavu, maganda ya ndizi, mavi ya ng'ombe, na gugu maji uliloanika mpaka likakauka. Ulichomeka kijiti katikati, ukakichomoa, ukanipa nishike. Kilikuwa moto. Nikataka tumwage mboji kwenye nyasi siku hiyo hiyo, ukanicheka.

"Nyathina, mtoto wangu, hii bado inajipika. Ukiweka saa hii itachoma nyasi yote. Lazima tupindue, tupindue tena, mpaka ipoe."

Ndivyo nilivyo hadi leo, mtu wa pupa kwa yasiyo na haraka na mzembe kwa yenye haraka.

Mwaka huu ulinipigia simu kutoka nyumbani Seme. "Nimejenga lundo lingine, lakini hii mkono yangu imekataa. Kuja Jumamosi tupindue." Nikakwambia Jumamosi ijayo. Nilisema hivyo mara tatu, Mama. Kutoka kwangu Kaloleni, huku mjini, hadi kwako si safari ya kumshinda mtu. Nilikuwa mvivu tu. Jumamosi ya nne tulikuzika.

Tukapanda nyasi juu yako. Ilipokaribia ibada ya kukukumbuka zilikuwa bado chache, nami nikaona aibu ya wageni. Nikachota lile lundo lako la mwisho. Lilikuwa na joto bado, na nilifurahi kama mjinga kwamba kazi ya mikono yako haijapoa. Nikamwaga yote. Wageni walipofika, nyasi zilikuwa njano kama zimemwagiwa maji ya moto. Kule Milimani nyasi ulizolisha wewe bado ni za kijani, na hilo linaniuma sana.

Leo ni Jumamosi. Nimekuja. Nimekwangua mboji yote, nikairudisha kwenye lundo na kulipindua peke yangu mpaka mgongo ukakataa.

Pumzika, Mama. Sikujua kazi hii ni nzito hivi, na wewe uliniomba siku moja tu.

Ni mimi,
kitindamimba wako