Kisanduku Kisichoongeza Wala Kupunguza

Jumatatu, 4 Machi

Wamerudisha tena rekodi yao! Mara ya pili. Mwalimu wa kwaya kanipigia saa tatu asubuhi, sauti ya upole, ule upole wa mtu aliyemaliza kukasirika jana yake. Eti soprano wanapiga kelele, besi wamejificha. Eti kwenye gari lake, sebuleni kwake, hata kwenye redio ndogo ya mkewe jikoni ni yale yale: upande wa kushoto unamfokea.

Kushoto! Hapa kwangu kushoto ndiko kunakopwaya. Soprano nimewaweka kushoto kama walivyosimama siku ya kurekodi, nikawainua kidogo ili walingane na besi wa kulia. Hapa wanalingana. Kwake wanafoka. Sielewi.

Kanipa hadi Jumamosi ya wiki ijayo, atakuja mwenyewe kusikiliza. Asiporidhika, kazi anaipeleka kwa yule bwana wa studio ya mjini. Na kwaya hii ikiondoka, zile mbili nyingine zitaifuata, maana wanaimba pamoja na wanasengenya pamoja. Nitabaki na chumba chenye magodoro ukutani na cheti cha miaka kumi na tisa ya redio. Redio yenyewe ilishatupunguza kazini. Sijui kufanya kitu kingine. Kweli sijui.

Jumanne, 5 Machi

Mchawi nimemkamata. Ni kisanduku!

Hiki kilicho kati ya kompyuta na spika, tunachokiita kontrola. Kazi yake ni moja tu, kupandisha na kushusha sauti ya spika mbili kwa pamoja. Nilikinunua kwa kuwa kilikuwa rahisi na kina taa ya buluu. Taa ya buluu! Mtu mzima na akili zangu.

Leo nimekizungusha polepole kutoka sifuri. Kulia kunaamka kwanza. Kushoto kunafuata kwa kujivuta, kama mtu anayeamshwa kwenda shule. Kasoro hiyo ya vidude vya bei poa kila fundi sauti anaijua. Hata hedifoni nimezichomeka hapo hapo, ndiyo maana nazo zinanipa kushoto hafifu. Kila kitu kinapita kwenye kisanduku hiki!

Nimecheka peke yangu. Kumbe si mimi. Baba watoto nimemwambia wakati wa chakula, kasema basi si ninunue kingine. Kama vile vinaota uani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeuliza kwenye kundi la mafundi sauti ninunue kontrola gani. Laiti ningenyamaza. Mmoja kasema nichukue isiyotumia umeme, sauti inapita kama ilivyo. Mwingine kamrukia: nyaya zikiwa ndefu hiyo inaua ung'avu wote. Wa tatu katetea za umeme. Wa nne kasema za umeme zinanong'ona, shhh, ukizima muziki unazisikia. Kufika mchana wanatukaniana vyuo walivyosoma. Swali langu limebaki huko juu, yatima.

Kitu kimoja wamekubaliana wote: kontrola nzuri ni ile usiyoisikia. Haiongezi, haipunguzi. Kama kioo cha dirisha kilichofutwa vizuri. Picha yake wametuma. Inauzwa bei ya friji, na friji letu mlango tunaufunga kwa mpira.

Ijumaa, 8 Machi

Maduka matatu, miguu imevimba. Muuzaji wa mwisho: "Chukua hii mama, ina besi tamu sana." Nikamwambia sitaki yenye besi, wala yenye utamu, nataka isiyo na chochote. Kanitazama kwa huruma. "Isiyo na chochote hatuna, mama."

Jumapili, 10 Machi

Nyumba nzima imeninunia. Baba watoto anasema kaniita mara tatu kutoka mlangoni nikamkalia kimya, na kwamba hii ni tabia mpya. Nikamwambia nilikuwa nawaza. Binti yetu naye akadakia: "Mama siku hizi simu anaivushia upande wa pili." Mtoto wa darasa la sita, nani kamuuliza? Zamani niliishika kushoto ili mkono wa kulia uandike. Sasa naishika kulia. Basi. Watu hubadilika.

Nimejifungia. Kwenye skrini ile sehemu inayoonyesha vimo vya sauti, kushoto na kulia, nimeibandika karatasi miaka yote. Mkuu wetu wa redio alitulea hivyo. Alikuwa anafunika mishale ya mitambo kwa karatasi ya gundi na kusema mtangazaji hasikilizwi kwa macho. Wanafunzi wake wote tunabandika, na tunawacheka wasiobandika. Masikio ndiyo yenye neno la mwisho.

Nimeishika ncha ya ile karatasi. Sikuibandua.

Jumanne, 12 Machi

Mungu ni mwema! Nimempata fundi. Anatengeneza redio na feni nyuma ya soko, anavaa miwani mbili kwa wakati mmoja, moja ya kuonea na moja juu ya ile. Nilidhani nitamweleza hadi jua lizame. Kanikatiza: "Unataka kushoto na kulia viwe mapacha."

Ndivyo! Kasema atatupa kile cha kuzungusha na kuweka swichi ya ngazi ishirini na nne, tik, tik, tik. Kila ngazi ina rizista zake, vile vipande vidogo vinavyopunguza nguvu ya sauti, kushoto na kulia, na kila rizista ataipima kwanza kwa mita. Zisizolingana hazitumii. Kaninunulisha boksi zima la rizista ili achague jozi jozi, kama mama anayechagua maharage. Bila umeme, nyaya fupi. Na bei naimudu! Nilitaka kumkumbatia.

Kisha kakipima kisanduku changu cha taa ya buluu. Kasema ni kweli, chini kabisa kushoto kunachelewa. Lakini ukivuka robo, kasema, viko sawa tu. Kaniuliza huwa nafanyia kazi kwenye kimo gani.

Huwa nafanyia nusu. Nikamwambia inategemea.

Jumatano, 13 Machi

Roho juu. Sijagusa kazi. "Ukivuka robo viko sawa." Mita yake ni ya zamani. Na yeye anaona kwa miwani mbili.

Alhamisi, 14 Machi

Kimekuja! Kibaya kama dhambi. Bati la kijivu, swichi nyeusi, hakuna taa wala jina. Fundi kaja nacho mwenyewe hadi ghorofa ya tatu akihema, na karatasi ameijaza kwa peni: ngazi ya kwanza hadi ya ishirini na nne, kushoto kiasi gani, kulia kiasi gani. Mapacha, mstari kwa mstari. Tumepima tena pamoja mezani nikiwa nasoma mimi. Mapacha.

Nikachomeka. Nikaweka wimbo wa tatu.

Jamani. Sijawahi kusikia chumba changu hivi. Nasikia mwimbaji mmoja akilamba midomo kabla ya ubeti. Nasikia karatasi ya nyimbo ikigeuzwa. Yule mama wa safu ya nyuma anayechelewa nusu pumzi kila kiitikio, nimemsikia, nikampenda. Kama mtu kafuta vumbi la miaka. Fundi kasimama katikati ya chumba, miwani mkononi, kasema wanaimba vizuri hao. Halafu akaongeza, polepole kabisa, kwamba akina mama wamezidi kidogo, au vipi?

Hawajazidi. Wamepwaya. Kushoto bado kunapwaya.

Nimemshukuru, nikamlipa, nikamsindikiza hadi kwenye ngazi. Nimerudi nikakaa sakafuni.

Ijumaa, 15 Machi

Nyaya nimezibadilisha, ya kushoto kulia. Spika nimezibadilisha pia. Kadi ya sauti nimeazima nyingine. Godoro la dirishani nimeling'oa, pengine linameza sauti, likaniangukia. Pazia nimelitoa. Jirani wa ng'ambo sasa ananiona nikizunguka na waya shingoni kama mbuzi aliyekata kamba.

Kila nikibadilisha, upande hafifu ni ule ule. Wa kushoto. Wangu.

Karatasi ya skrini nimeibandua. Kushoto kumepanda juu, juu sana kupita kulia. Kwenye kila wimbo. Na kwenye kazi ya mwaka jana pia, nimeifungua makusudi. Kisanduku kilikuwa kinasingiziwa tu.

Nimelia kwa sauti. Baba watoto kagonga, nikasema mzio wa vumbi.

Jumamosi, 16 Machi

Saa nne kasoro. Mwalimu atafika saa nne. Sijarekebisha kitu. Nirekebishe kwa kitu gani? Kwa macho? Nikishusha soprano hadi mistari ilingane, kwangu wanazimika kabisa, na sitajua nimemaliza au nimeharibu.

Kumebaki jaribio moja ambalo nalikwepa tangu Alhamisi. Halihitaji mita. Nigeuze kiti, nizipe spika mgongo. Kama kasoro iko chumbani, upande hafifu utahamia sikio la kulia. Kama haimo chumbani...

Nimegeuza.

Besi, walio kushoto kwangu sasa, wametoweka. Wanaume kumi na wawili, hawapo. Na soprano wamenijia kwenye sikio la kulia wakifoka, wakifoka haswa, neno lile lile la Mwalimu. Wimbo mzima nimeusikia kama anavyousikia yeye. Maskini ya Mungu, na alikuwa mpole namna ile.

Nilikuwa bado nimekaa hivyo aliposukuma mlango. Baba watoto alishamwambia apite tu, yumo ndani. Kasimama akanishangaa, akasema, "Mama, mbona spika umezipa mgongo?" Kisha akasikiliza kidogo, akatabasamu. "Eh, sasa na wewe unawasikia."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikamkaribisha kiti. Viti viko viwili, na kachagua cha kushoto kwangu.

Wimbo bado unalia, sijauzima, sijui kwa nini. Anaongea. Nimelivuta daftari hili na naandika, ili aone naandika anayosema. Nashika neno moja moja: "Jumapili"... "wazee"... kitu kuhusu imani, au amani. Nikimwomba ahamie kulia nimeshamwambia yote. Naweza kuzungusha kichwa, nijifanye namtazama kwa heshima. Naweza kusema nina mafua. Yeye ni mtu mwema, anaweza kunielewa, na watu wema ndio watakaozisimulia kwa huruma kwaya zote tatu.

Anaonyesha kwa mkono, kitu kirefu hivi, halafu kifupi. Anacheka. Nimecheka pia.

Amenyamaza. Ananitazama. Nadhani ameuliza swali.