Mkanda wa Raundi ya Saba

4 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na wote hapo hawajambo. Mimi mzima, ila nimechoka, uchovu ule ambao hata usingizi hauutoi. Simu yako imezimwa tangu Novemba, basi naandika kama watu wa zamani.

Miaka sita ulinifundisha ngumi kwenye ua nyuma ya banda lako la viatu, ukinishikia lile gunia la vitambaa. Halafu wiki ile ile niliyochukua mkanda wa ubingwa ukafunga banda, ukahamia kwa mwanao mji mwingine. Hata kwaheri sikupewa. Huku wananiita Bi Mtelezo. Redio ilisema waziwazi: alikuwa nyuma kwa pointi, mpinzani wake akateleza raundi ya saba, ngumi ikamkuta anaanguka, mwamuzi akahesabu hadi kumi. Bahati tupu. Nikipita sokoni wauza nyanya wananiomba niwaguse mikono wapate wateja. Nacheka nao, nikifika nyumbani nalia.

Tarehe 25 Mei natetea mkanda. Wewe ulikuwa kwenye kona yangu, uliona kila kitu. Niambie: nilishinda, au niliokota? Na utakuja kunisimamia?

Mpwa wako


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Huku hatujambo, ni goti tu linalonikumbusha kila asubuhi kwamba sina tena miaka ishirini. Nimepewa kibaraza, nashona soli za wanafunzi. Watoto wa huku wanakula viatu kama panya.

Usiwasikilize wauza nyanya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe uliinama miaka sita. Nani alipanda ngazi za lile ghorofa la soko mara arobaini kila alfajiri? Redio? Kuhusu kona, tafuta mtu mwenye magoti mazima. Mimi nimezeeka.

Kula vizuri.

Mjomba wako


22 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima, salamu zimeisha. Nimekuuliza swali, umenijibu kwa methali. Mama alinionya tangu utotoni kwamba wewe ukianza methali kuna kitu unaficha. Na usinisingizie goti. Umesimama kwenye kona yangu na goti hilo hilo mapambano kumi na moja. Una nini na mimi?

Mpwa wako


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako ananijua, ni dada yangu. Nimechana karatasi tatu kabla ya hii.

Kabla ya raundi ya saba nilikupa maji. Nilipoinuka nikaigonga ndoo kwa mguu, maji yakamwagika kwenye turubai la ulingo, pale kwenye kona yetu. Kazi ya mtu wa kona ni kuyafuta kabla hajashuka. Kitambaa kilikuwa begani kwangu, na kengele ilikuwa bado haijalia. Nikayatazama yale maji, nikashuka. Yule binti aliteleza pale pale.

Miezi mitano najiuliza kama nilisahau au nilikusudia. Siku nyingine naamka nikiamini nilisahau. Siku nyingine najijua. Ulikuwa unapigwa, mwanangu, na mimi nilikuwa nimechoka kukuona unapigwa.

Kwa hiyo ngazi ulipanda wewe, lakini sakafu niliilowesha mimi. Siwezi kusimama tena kwenye kona yako nikijifanya mtu safi. Ukinichukia, una haki.

Mjomba wako


9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya wa wiki tano. Najua umedhani nimekukasirikia. Sikuwa na hasira na wewe, nilikuwa natafuta ujasiri.

Yale maji niliyaona. Niliyakanyaga nilipoinuka kwenye kigoda, nikahisi mguu unakimbia. Ningeweza kumwambia mwamuzi. Badala yake nilirudi nyuma hatua kwa hatua, nikijifanya nimechoka kuliko nilivyochoka, hadi mwenzangu akanifuata kwenye kona. Hapo nikachomoka pembeni, yeye akabaki pale. Nilijua atakapoweka mguu. Swali nililokuuliza nilikuwa na jibu lake tayari. Nilitaka tu mtu aniambie kwamba nilishinda.

Basi wiki iliyopita nilimfuata. Siku hizi anapika kwenye shule moja, sufuria zinamfika kiunoni. Nikamweleza yote, yako na yangu, nikamwambia nitaomba tupigane tena. Aliendelea kukoroga.

"Dada," akasema, "miguu yangu ilikufa raundi ya tano, uliponipiga ile ya ubavuni. Labda ningeanguka hata pakavu. Labda ningekumaliza. Mimi sijui, na sitaki kujua. Nimeshaacha ngumi, nalala vizuri. Wewe umekuja nikupokee mzigo wako. Siupokei."

Halafu akanimiminia chai, akaniuliza kama bega langu bado linasumbua. Mjomba, afadhali angenitukana.

Nilitembea hadi kituo cha basi nimechoka kuliko raundi kumi. Nimefikiria kuurudisha mkanda, lakini nimrudishie nani, na mwenyewe hautaki? Nikishinda tarehe 25 bado sitajua kama ule mkanda niliustahili. Nikishindwa watasema bahati imekwisha, na huenda watakuwa wamesema kweli. Zile ngazi nilizipanda, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Na mtu nilimpeleka kwenye maji, hilo nalo ni langu.

Kocha niliyepewa ni mtu mwema. Kila akinifunga bendeji mikononi ananiambia mimi ni bingwa wa kweli, na mimi namwitikia. Nimechoka kuitikia.

Njoo, mjomba. Kwenye kona yangu sitafuti mtu safi. Namtaka mmoja ambaye sina haja ya kumdanganya.

Mpwa wako